Mume wa Kadi

Kwa mujibu wa daftari la zahanati ya Mkambala, Najim alikuwa na wake kumi na saba, wote wajawazito. Kwa mujibu wa watu wa Mkambala wenyewe, Najim hakuwa na mke hata mmoja. Alikuwa na pikipiki, chumba cha kupanga nyuma ya duka la Mzee Abdulswamad, na sufuria aliyoiazima mwaka juzi akasahau ni ya nani.

Mke wa kumi na moja katika daftari hilo alikuwa Dija. Mume wa Dija, yule wa nyumbani, aliitwa Maulidi. Alikuwa muadhini wa msikiti wa kijiji, mtu mrefu, mwenye sauti ambayo alfajiri ilivuka mashamba ya mananasi mpaka ng'ambo ya bonde. Spika ya msikiti ilipokufa, hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine. Lakini sauti hiyo ilikuwa ya Mungu tu. Mbele ya watu Maulidi alikuwa na haya kama mwali. Akienda dukani kununua sukari alisubiri kwanza wateja wote waondoke, na siku nyingine alirudi nyumbani bila sukari.

Zahanati ilikuwa na sheria: mama mjamzito aje na mwenza wake, wapimwe pamoja, wafundishwe pamoja, waandikwe kadi moja. Asiye na mwenza alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti siku zote alikuwa safarini mjini Msata. Sheria haikuwa mbaya. Nesi Wahida aliieleza vizuri mkutanoni, kwamba baba akijua dalili za hatari mama hafi akisubiri ruhusa. Wanaume wa Mkambala walimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari ya mvua iliyonyesha nchi nyingine. Kliniki ni ya wanawake, walisema, wakachukua majembe yao.

Maulidi alijaribu, hilo lazima lisemwe. Siku ya kwanza aliongozana na Dija mpaka mlangoni, kanzu imepigwa pasi. Akachungulia ndani. Akaona wanawake thelathini kwenye mabenchi, na mbele yao nesi Wahida ameshika titi la kitambaa, la kushona, lenye kifungo cheusi mahali pa chuchu, akionyesha namna ya kunyonyesha.

"Karibu, baba," alisema nesi. "Njoo hapa mbele unishikie."

Maulidi alisema kuna kitu amekisahau nyumbani. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua kwamba alichokisahau ni mke.

Jioni akamfuata Najim, mananasi mawili kwapani.

"Usiseme neno, ustadhi," Najim alimwambia. "Nanasi moja linatosha. Wenzio huniletea nanasi moja na uongo kumi."

Kazi hiyo Najim hakuitafuta. Alimpeleka jirani mmoja mjamzito, Saida, kliniki kwa pikipiki, akakaa benchini kumsubiri, nesi akamwandika. Wiki iliyofuata akaja mwingine, kisha mwingine. Nesi Wahida alijua. Kijiji si kikubwa hivyo. Lakini karatasi aliyoletewa kutoka juu iliuliza tu kama mwenza amehudhuria, ndiyo au hapana, na Najim alikuwa amekaa palepale, ndiyo kabisa.

Tena alikuwa mume mzuri. Alijua siku za kila mama, akawauliza kama mtoto anacheza, akawagombeza wasiomeza vidonge vya damu. Kwa kila mke mpya Najim alichomwa kidole na kupimwa upya, kwa kuwa kila kadi ilitaka majibu yake, na kidole chake cha shahada kilikuwa kigumu kama kisigino.

"Kwa hiyo yeye akakae, yeye akachomwe," alisema Dija alipopewa habari. "Na uchungu nao atausikia yeye?"

Lakini Dija alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu ya yule wa kwanza.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyumbani, masika ya mwaka juzi, Maulidi akiwa porini kukata fito. Aliishi kwa muda wa sufuria ya maji kuchemka. Dija alivuja damu siku mbili. Na Maulidi, ambaye aliwaadhinia watu wa kijiji kizima mara tano kwa siku, hakuwahi kumwadhinia mwanawe sikioni, wala hakuna aliyemwadhinia. Bi Hija, mama yake Maulidi, alisema katika ile hekaheka walisahau. Tangu hapo Maulidi alikuwa na nia moja. Huyu wa pili azaliwe mikononi mwa wauguzi, mama yake apone, na yeye baba awepo, amtilie adhana sikioni. Hakumwambia mtu. Dija alijua tu kwa kumfuma uani, amekaa kigodani, amepakata mto wa kulalia, anaunong'oneza.

*

Ripoti ya Mkambala ilipofika kwa wenye mradi, wale walioleta sheria ile, ilisema ushiriki wa wanaume ni asilimia mia moja. Watu wa mradi walifurahi sana. Wakaitazama kompyuta yao wapate mwanamume aliyewapita wenzake, nayo ikawatolea jina: Najim Mwishehe, mahudhurio hamsini na matatu ndani ya mwaka mmoja. Hakuna aliyejiuliza ni mimba gani inayompeleka mtu kliniki mara hamsini na tatu. Wakachapisha bango.

Nesi Wahida ndiye aliyeileta habari, uso wake kama wa mtu anayekuja kutangaza msiba.

"Najim, umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Umewashinda waume wote. Wewe ndiye Baba wa Mfano. Alhamisi saa tatu, Kituo cha Afya Mnazi Pacha. Kuna mgeni rasmi, kuna pilau, kuna godoro."

Najim akakaa juu ya tangi la pikipiki. "Nikikataa je?"

"Ukikataa wataniuliza kwa nini. Nikiwajibu watazifuta kadi zote. Zikifutwa, wanawake kumi na saba wakajifungulie wapi? Nenda, vaa vizuri, usizungumze sana."

"Na wakiniuliza mke wangu yuko wapi?"

Nesi Wahida alifikiri. "Waambie amejisikia vibaya. Miongoni mwa kumi na saba hakosi mmoja."

*

Alhamisi hiyo, jua halijapanda, Dija aliamka na uchungu, akashika nguzo ya mlango. Kadi yake nesi alikuwa ameiandika kwa kalamu nyekundu: asizalie nyumbani wala zahanati, alitokwa na damu nyingi uzazi uliopita, apelekwe Mnazi Pacha penye chumba cha upasuaji. Bi Hija akakimbia kwa nesi. Nesi akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari limekwenda kuchukua viti vya sherehe.

"Sherehe gani?" Bi Hija aliuliza.

"Ya huduma bora kwa mama wajawazito," alisema nesi, akaona aibu.

Basi kilichobaki ni Najim. Alikuja amevaa koti la mwalimu mkuu na tai nyekundu ya bendi ya shule, viatu vimepakwa mafuta ya kula ving'ae. Dija alipandishwa nyuma yake, Maulidi akapanda nyuma ya Dija kumshikilia, mkoba wa kanga ukaning'inia shingoni mwa Maulidi kama hirizi kubwa. Mshikaki wa watu watatu na nusu, kwa barabara ya vumbi, mpaka lami.

Kila uchungu ulipokuja Dija alimfinya aliye mbele.

"Shemeji, koti la watu!" Najim alilia.

"Shemeji gani? Si mume wewe?" Dija alifoka. "Nimepanda na waume wawili na uchungu nausikia peke yangu! Maulidi, sema kitu!"

"Subhanallah," alisema Maulidi.

"Kingine!"

Maulidi alimshika kwa nguvu zaidi.

Waliingia Mnazi Pacha saa mbili na nusu. Getini, juu kabisa, upepo ulikuwa unalitikisa bango refu kama nyumba. Lilikuwa na sura ya Najim, ametabasamu, ameshikishwa mtoto mweupe wa kutengenezwa na kompyuta. BABA WA MFANO. Mlinzi alimwona Najim akapiga saluti. Kisha vijana wawili wenye fulana za mradi wakamnyanyua kutoka kwenye pikipiki, wakampeleka hemani, naye anageuka nyuma anasema, "Jamani, subirini, nina mgonjwa," nao wanasema, "Tazameni, baba anajali!"

*

Wodi ya wazazi ya Mnazi Pacha ilikuwa mpya, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Mradi ulikuwa umeweka mapazia kati ya vitanda, maji ya bomba, na utaratibu mpya uliobandikwa mlangoni: kila mama aingie na mtu mmoja wa kumshika mkono, yule aliyeandikwa kwenye kadi. Sista Nasrin ndiye aliyeusimamia mlango huo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, na miwani juu ya paji la uso.

Alimpokea Dija, akampima, akasoma ile kalamu nyekundu, akamlaza palepale. Alimshughulikia vizuri. Kisha Maulidi akavua viatu afuate.

"Wewe nani?"

Maulidi alifungua kinywa. Sauti iliyokuwa inavuka bonde ikatoka ndogo kama ya kifaranga. "Mume."

Sista alishusha miwani, akatazama kadi. "Mume wa Dija ni Najim Mwishehe. Mwishehe mwenyewe yupo, picha yake naiona hapa mlangoni kila nikiinua kichwa."

"Yule ni mume wa kadi. Mimi ni mume wa nyumbani."

"Baba yangu," alisema Sista Nasrin bila ubaya, "mwezi uliopita nilimwingiza mume wa nyumbani. Akaja mume wa kadi. Walipigana kwa chuma cha kutundikia dripu, mama yuko katikati anasukuma. Niliapa. Kadi ndiyo mume."

"Ni yeye, sista!" Dija alipaza sauti kutoka ndani. "Mrefu huyo, mpumbavu huyo, ndiye wangu!"

"Kila mwenye uchungu husema lolote," alisema sista. "Jana mmoja aliniita mama mkwe." Akasoma tena kadi, uso ukabadilika. "Sikiliza. Damu yake ni ndogo, na akiba yetu ya kundi lake imekwisha. Nahitaji mtu wa kumtolea kabla hajafika mbali. Hapa ameandikwa Najim."

"Nitoe mimi."

"Kama mume siwezi kukupokea. Kama msamaria mwema, mlango wa maabara ule pale."

Maulidi akavaa viatu akakimbia mbio.

Kijana wa maabara alimkalisha kitini na kalamu mkononi. "Jina?" Akaandika. "Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

Maulidi alitazama ukutani. Palikuwa na picha ya moyo, umekatwa katikati kama nanasi. Alitaka kusema mume.

"Mpita njia," alisema.

"Mungu akubariki, watu kama nyinyi ni wachache," alisema kijana, akamchoma. Ilikuwa mara ya kwanza sindano ya uzazi wa Dija kumgusa Maulidi, na iliuma kuliko alivyodhani. Alimkumbuka Najim na kidole chake.

Damu ikapimwa, ikalingana na ya Dija, ikawekwa kwenye kisanduku. Sista Nasrin alikuja kuichukua mwenyewe. Maulidi alimfuata mpaka mlangoni. Damu yake ikaingia wodini. Yeye akabaki nje, na soda ya machungwa waliyompa mkononi.

*

Kutoka hapo nje aliliona hema lote. Mbele palikuwa na viti vya familia ya mshindi, na kimoja kilikuwa na karatasi: MKE WA BABA WA MFANO. Nesi Wahida alikuwa amemwagiza Tabia, mmoja wa wale kumi na saba, akikalie. Lakini habari ya pilau ilikuwa imesambaa Mkambala, na wanawake watano walikuwa wamekuja, matumbo mbele, kila mmoja na kadi yake mkononi. Kijana wa mradi alizisoma kadi zote tano. Alizisoma tena. Kisha akaenda kumnong'oneza mgeni rasmi.

"Watano?" mgeni rasmi alisikika akiuliza. "Sheria yao si inasema wanne?"

"Basi Saida atasimama," alisema Tabia, akakaa.

"Nisimame kwa lipi?" Saida alimrukia. "Mimi kadi yangu ya Machi, yako ya Aprili. Mimi ndiye mke mkubwa!"

Wakaletewa benchi.

Maulidi hakucheka. Alikuwa anasikiliza nyuma yake, pazia, maji, sauti ya Dija ikipanda na kushuka. Mara moja alisimama, akaukaribia mlango, akarudi. Mara ya pili aliushika ubao wenyewe.

"Sista," alisema.

"Bado. Kaa."

Hemani mshereheshaji alikuwa amempa Najim kipaza sauti. "Baba wa Mfano! Tuambie, wanaume wenzio wajifunze. Siri yako ni nini?"

Najim alikohoa, mlio ukapasua spika zote. Alikuwa analowa jasho ndani ya koti la mwalimu mkuu. Nesi Wahida alikuwa amemwambia asizungumze sana, lakini mtu akitishika husema anachokijua.

"Dalili za hatari kwa mama mjamzito," alianza, "ni kutokwa na damu. Kichwa kuuma sana. Kuona maluweluwe. Uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa kali. Mtoto kuacha kucheza. Ukiona moja tu, usimsubiri mjomba, usisubiri kuuza nanasi. Mpeleke."

Watu walipiga makofi. Wanaume wawili watatu, waliokuja kwa ajili ya pilau, walitazamana kama walioambiwa siri ya kweli.

Na hapo, kabla makofi hayajaisha, Maulidi alisikia kilio chembamba nyuma ya ukuta. Kikakatika. Kikaanza tena, kikali, kama mtu aliyeonewa.

Sista Nasrin alichungulia mlangoni, mikono imelowa. "Mtoto wa kiume. Mzima. Mama alianza kuvuja, tumemtundikia ile damu, sasa anatulia. Msamaria, umefanya kazi."

"Anaishi?"

"Anaishi, ananitukana."

Maulidi alishika ukuta. Kisha akasema, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mtu asiyemjua: "Sista, naomba niingie nimwadhinie mtoto, kisha nitoke, sitagusa kitu."

Sista Nasrin alikuwa Mwislamu, alijua anachoombwa. Alitazama utaratibu uliobandikwa mlangoni, akatazama bango, akamtazama yule mtu mrefu mwenye pamba mkononi. "Atakayemwadhinia ni baba yake. Ngoja ashuke jukwaani, nitamwita."

"Mtoto ataadhiniwa na Najim?"

"Kadi ndiyo inayosema hivyo, siyo mimi. Mlango huu nimeuapia."

Mlango ukafungwa.

Maulidi aliligeukia hema. Akamwona Najim jukwaani anakabidhiwa cheti. Akamkumbuka yule wa kwanza, aliyezikwa ndani ya kipande cha kanga bila mtu kumwambia neno. Akazunguka nyuma ya jengo. Kulikuwa na dirisha, refu, lenye nondo na wavu wa mbu, na nyuma ya wavu pazia la maua la mradi. Akaweka chupa ya soda chini. Akaelekea kibla, akatia vidole masikioni kama alivyozoea.

Hakujua kuadhini kwa sauti ndogo mtoto akiwa mbali. Sauti ndogo alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye mto, sikio likiwa hapa na kinywa hapa. Sasa baina yao kulikuwa na ukuta, wavu, pazia na mradi. Kwa hiyo akaitoa ile nyingine.

*

Adhana ilipiga Mnazi Pacha saa nne na dakika kumi asubuhi.

Hemani kila kitu kilisimama. Wazee wa mbele walitazama saa zao, wakatazama jua, wakatazamana. "Adhuhuri saa nne?" "Labda wamebadilisha huko Dar." Mmoja aliona ni heri kuwahi kuliko kuchelewa, akaenda bombani kutawadha, wenzake, kwa kuona mmoja amekwenda, wakapanga mstari. Mgeni rasmi hakutaka ionekane hazijui saa za swala za watu wa huku. Akavua viatu. Waliokuja naye, kwa kumwona amevua, wakavua wote, na katibu wake akabaki amesimama na soksi yenye tundu, amekumbatia godoro.

Najim alikuwa bado na kipaza sauti. Aliijua sauti ile. Ilimwamsha kila alfajiri ya maisha yake.

"Maulidi huyo!" alipiga kelele, na spika zikapeleka neno mpaka barabara kuu. "Mtoto wangu kazaliwa!"

Makofi, vigelegele.

"Yaani mtoto wake," Najim alijisahihisha. "Wangu ni wa kadi."

"Wa kadi vipi?" mgeni rasmi aliuliza, viatu mkononi.

Tabia akainuka kutoka benchini, mkono kiunoni. "Mheshimiwa, huyu bwana si mume wetu, wala hajawahi kuwa. Waume wetu wapo mashambani, wana haya ya kukaa na wanawake. Huyu tunamkodi. Sasa mkitaka kufuta kadi futeni, lakini sisi hatuendi nyumbani, tutazalia hapahapa chini ya bango lenu."

Yote hayo Maulidi hakuyasikia. Alikuwa amefumba macho. Alipofika "Hayya alal-falah" mara ya pili, pazia la maua likavutwa, wavu ukafunguliwa, na Sista Nasrin akatokea nyuma ya nondo.

"Wewe! Unaniamshia wodi nzima! Nina mama wawili wameacha kusukuma, wanasema hawawezi kusukuma adhana ikiita!"

Maulidi alifumbua macho. Haya ikamrudia yote kwa mpigo. Lakini katikati ya adhana mtu hasemi neno jingine, akabaki anamtazama, kinywa wazi.

Sista alipumua. Akageuka ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kanga, kidogo, chekundu usoni, kimekunja ngumi. Akakilaza juu ya mkono wake mpaka sikio la kulia likagusa nondo.

"Mlangoni siwezi kukuruhusu," alisema. "Dirishani hakuna utaratibu wowote ulioandikwa. Anza upya, polepole."

Maulidi akainama. Paji lake la uso likagusa chuma. Akaanza upya, kwa ile sauti ya mto. Mtoto akakunjua ngumi moja, akaikunja tena. Alipomaliza sikio la kulia, sista akamgeuza la kushoto bila kuambiwa, naye Maulidi akakimu, ule wito mfupi wa pili.

"Sasa amejua kelele za baba yake," Dija alisema kutoka kitandani, kwa sauti dhaifu. "Sista, niandikie na mimi nimwone."

"Sikuandikii kitu. Inua kichwa. Yupo dirishani."

*

Kadi hazikufutwa. Mgeni rasmi alisema jambo hilo litazungumzwa, na mpaka leo linazungumzwa. Bango halikushushwa pia, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kulipiwa. Godoro Najim alimletea Dija siku aliporudi, amelifunga nyuma ya pikipiki. Dija alililalia mpaka arobaini yake. Kisha likaenda kwa Saida, aliyefuata kujifungua, kisha kwa Tabia, na Tabia alisema hiyo ni sawa, kwani wake wenza hugawana.

Siku ya kliniki ya mtoto Maulidi aliamka mapema, akapiga kanzu pasi. Dija alimtazama akivaa na hakumwambia neno, asije akashtuka. Waliingia zahanati pamoja. Wanawake thelathini wakanyamaza. Maulidi akakaa benchi la mbele, mtoto mapajani, macho yake kwenye vidole vyake vya miguu. Pembeni yake alikuwa Najim, aliyemleta mke wa kumi na nane.

Nesi Wahida aliinua kadi kutoka kwenye rundo. "Mume wa Dija!"

Najim akainuka kwa mazoea.

Maulidi akamshika shati, akamkalisha.

"Mimi," alisema. Haikuwa sauti ya bonde, lakini benchi la mwisho walisikia.

Nesi Wahida alichukua kalamu. Akakata jina moja kwenye kadi, akaandika jingine juu yake. "Vipimo vilivyomo humu ni vya mwenzio," alisema. "Tunaanza mwanzo. Lete kidole."

Maulidi akampa Dija mtoto, akanyoosha mkono, akafumba macho.

"Mwambie akuchome ubavuni mwa kidole," Najim alimnong'oneza. "Katikati panauma."